Uovu wa Nia na Uovu wa Asili: Historia Fupi ya Vivumishi Vitatu vya Kiingereza

Vivumishi "malevolent", "malignant" na "malicious" aghalabu hufasiriana katika kamusi za Kiingereza, kana kwamba ni kimoja. Vyote vina mzizi wa Kilatini, malus, yaani -baya. Historia, hata hivyo, imevitenganisha.

Cha kwanza kimeungana na kitenzi cha kutaka. Humhusu mtu amtakiaye mwenzake shari, hata akiwa hana uwezo wa kumdhuru. Hasidi wa Kiswahili hayuko mbali naye. Cha pili kinatokana na dhana ya kuzaliwa, kwa hiyo huelezea hata uvimbe usio na nia yoyote. Saratani haimchukii mgonjwa. Bunge la Uingereza lilipomshutumu Mfalme Charles I kwa waraka mrefu mwaka 1641, kivumishi hiki kilikuwa miongoni mwa silaha zake, na katika vita vilivyofuata wafuasi wa Mfalme wakabandikwa kuwa jina. Uteuzi huo ulikuwa mkali: mpinzani mwenye hoja hujibiwa, bali uovu wa asili hukatwa.

Cha tatu ndicho chenye utata mkubwa zaidi, kwa kuwa sheria ilikitwaa. Katika kesi ya Bromage na Prosser ya mwaka 1825, ilibainishwa kwamba maana yake ya kawaida ni chuki dhidi ya mtu, ilhali maana ya kisheria ni tendo baya lililokusudiwa bila sababu ya haki. Pengo hilo liliwatatiza hata mahakimu wenyewe. Mwaka 1957 Cunningham, aliyeing'oa mita ya gesi ili aibe fedha zilizomo, alikata rufani. Gesi ilikuwa imepenya nyumba ya jirani na kumdhuru mwanamke aliyelala. Jaji wa kwanza aliwaeleza wazee wa baraza kwamba neno hilo, katika sheria ya 1861, lina maana ya "-ovu" tu. Mahakama ya rufani iliitangua hukumu: ilipasa ithibitishwe kwamba alikusudia madhara hayo, au aliyatazamia na bado akathubutu.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 206, inahesabu pia ujuzi wa mtu kwamba tendo lake yamkini litaua, hata asipojali iwapo kifo kitatokea. Mfasiri akiandika "chuki" au "kijicho" hapo, muuaji asiyejali atakuwa ameachiliwa na tafsiri.