Pikapu ya Jana, Pikapu ya Leo

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema ya kale ni dhahabu, nyingine yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukitaka kuziona zikipigana mieleka, nenda gereji yoyote yenye mafundi wazee na mafundi vijana, kisha uliza swali moja tu: pikapu za zamani na hizi za siku hizi, ipi bora? Kazi itasimama. Mimi niliuliza, na spana zikakaa chini nusu saa nzima.

Ndugu msomaji, swali hili lilinijia msibani. Babu yangu alipofariki mwaka 2009 nilikuwa mtoto. Mwili wake ulipelekwa kijijini kwa pikapu kuukuu ya jirani, yenye kebini ya watu watatu na bodi ndefu nyuma. Jeneza liliingia lote, mlango wa nyuma ukafungwa, ndugu wakakaa kwenye kingo za bodi huku na huku wakiimba. Bibi akamfuata mwaka 2024. Safari hii ukoo ulikuwa umeshapata mwenye uwezo, akaleta dabo kebini mpya inayong'aa. Wakubwa watano wakaingia ndani, vioo vikapandishwa, kiyoyozi kikawashwa. Jeneza likawekwa nyuma, likatokeza nje. Mlango ukaachwa wazi, tukalifunga kwa kamba. Njia nzima, sisi tuliokuwa kwenye Hiace nyuma yao, macho yetu hayakutoka kwenye ile kamba. Ndipo nikajiuliza: hivi gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Ili kujibu, inabidi turudi nyuma kidogo. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima walikuwa wakinunua gari dogo la kawaida, wanakata sehemu ya nyuma, wanapigilia sanduku la mbao. Henry Ford akaona wateja wanafanya kazi ambayo kiwanda chake kingeweza kuifanya. Mwaka 1925 akatoa Model T yenye bodi ya mizigo kutoka kiwandani. Iliuzwa dola 281, na injini yake ilikuwa na nguvu ya farasi 20 tu. Leo hata pikipiki zipo zenye nguvu zaidi ya hiyo, lakini wakati ule si mchezo.

Australia nako kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja aliiandikia kampuni ya Ford barua. Alitaka gari litakalowapeleka kanisani Jumapili bila kulowa mvua, na Jumatatu liwapeleke nguruwe sokoni. Kijana mchora magari, Lewis Bandt, akapewa kazi hiyo, na mwaka 1934 gari likatoka. Ikumbuke barua hii, msomaji. Mama yule hakuomba gari la mizigo, wala hakuomba gari la fahari. Aliomba gari moja la familia isiyoweza kununua mawili.

Kwetu Afrika Mashariki pikapu zilikuja na majina ambayo wazee wakiyataja hutabasamu: Peugeot 404, Datsun, na Toyota Hilux iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968. Peugeot 404 ilipata jina kwa jasho lake. Gari dogo la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania. Basi watu waliona kwa macho yao gari likitoka kwenye tope na vumbi la nchi yao likiwa bado linatembea. Tangazo gani tena?

Lakini historia kubwa ya pikapu kwetu haikuandikwa mashindanoni. Iliandikwa vituoni. Kenya, mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila ile leseni iliyokuwa ikizisumbua, na nyingi kati yake zilikuwa pikapu zilizojengewa paa na kuwekewa mabenchi. Hapa Dar es Salaam mabasi ya shirika la umma yalizidiwa na watu, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa kufanya kazi kihalali. Miongoni mwake yalikuwamo yale yaliyoitwa chai maharage, abiria wamekaa kwenye mabenchi wakitazamana, magoti kwa magoti. Mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha wamezitoa wapi. Pikapu nazo zikaingia kwa mlango huo. Kwa hiyo chuma kilichobuniwa kubeba nguruwe na magunia kilibeba wafanyakazi, wanafunzi, wagonjwa, maharusi na marehemu. Mji ulihamia bodini.

Sasa tuzipime, mambo kwa mambo.

Hilux ya 1968 ilikuwa na urefu wa mita 4.2 hivi na injini ya petroli ya lita 1.5, yenye nguvu ya farasi 77. Hilux dabo kebini iliyotoka mwaka 2015 ina urefu wa mita 5.33, na yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 ina nguvu ya farasi 177. Gari limerefuka zaidi ya mita nzima. Mbona basi jeneza la bibi halikuenea? Kwa sababu urefu ule ulikwenda kwenye kebini na boneti. Bodi ya dabo kebini ni mita moja na nusu hivi, mtu mzima hawezi kulala akanyoosha miguu. Dabo kebini zilikuwepo tangu miaka ya 1960, lakini zilikuwa chache. Siku hizi ndizo zinazotamba, na ile ya kebini moja imekuwa kama mtoto wa kambo.

Upande wa ufundi ndiko wazee wanakosema kwa sauti kubwa. Pikapu ya zamani ilikuwa na kabureta, pointi, plagi na waya unaoweza kuuhesabu. Ikizima njiani, dereva anafungua boneti na kuona ardhi chini. Nafasi ipo, mkono unapita. Anasafisha pointi kwa msasa, anapuliza jeti ya kabureta kwa mdomo, anafunga bomba kwa mpira wa tairi, safari inaendelea. Fundi alijifunza kwa kusikiliza. Fundi mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, gari la zamani likiumwa lilikuwa linalia. Hili la sasa linawasha taa tu, halafu linanyamaza."

Hakutania. Injini mpya ya dizeli inapulizia mafuta kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,500, wakati tairi la gari dogo lina kama bar mbili tu. Kompyuta ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani na saa ngapi. Kwa hiyo gari lina nguvu, halitoi moshi mweusi, na kwa kazi ile ile linatumia mafuta kidogo. Lakini uchafu ambao pampu ya zamani ilikohoa na kuumeza, hapa unaua nozeli. Sisi Watanzania tunalielewa jambo hilo vizuri, maana tuliwahi kuwa na ugonjwa wa uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, hadi mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya mchezo huo iishe. Gari mpya linadai nchi mpya: mafuta safi, fundi mwenye mashine ya kupimia, spea halisi. Vitu hivyo mjini vipo. Kijijini kwetu fundi aliye karibu ana spana, nyundo na akili yake.

Basi ya kale ni dhahabu? La hasha, ngoja kwanza. Nilipokuwa nikiisifia pikapu ya jirani mbele ya baba mdogo, aliniacha nimalize, kisha akavuta suruali juu akanionyesha mguu. Akiwa kijana alikuwa utingo. Siku moja breki zilishika upande mmoja, gari likayumba, yeye na magunia wakatupwa nje. Yeye alinusurika, mwenzake hakunusurika. "Mnaimba habari za bodi ndefu," akasema. "Mimi bodi hiyo ninatembea nayo." Nilikosa la kujibu. Pikapu mpya ina mikanda, mifuko ya hewa, breki zisizoachia magurudumu yakwame. Ukweli lazima usemwe: wale wakubwa watano waliokuwa ndani siku ya mazishi walikuwa salama kuliko wale waliomwimbia babu kingoni mwa bodi.

Hapo ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Pikapu ya jana ilikuwa na nafasi ya watu wengi, na wote iliwaweka hatarini. Pikapu ya leo inalinda vizuri, ila inalinda watano, na waliobaki watafute usafiri wao. Yule mama wa Australia aliomba vyote viwili kwa pamoja, kanisa na soko, katika gari ambalo familia ya kawaida inaweza kulinunua na kulimudu. Miaka zaidi ya tisini imepita. Kanisa amepewa, tena lenye kiyoyozi. Soko limepunguzwa, na bei imempita.

Sitaki turudi kwenye mabenchi ya chai maharage, na baba mdogo akinisikia nikitaka hivyo atanifukuza nyumbani. Ninachotaka ni kwamba siku nyingine ukoo wetu ukimpeleka mtu wake kijijini, mlango wa nyuma ufungwe, na walio hai wafike wote. Je, ni mengi hayo kumwomba mtu anayetengeneza magari?