Mwandiko, si "Mtindo wa Matini"

Kijitabu kipya cha istilahi za uchoraji wa kompyuta kinazunguka mikononi mwa wachoraji ramani, na kamati iliyokiandaa imejipongeza katika dibaji kwa ufasaha ambao ungefaa zaidi kutumiwa katika kurasa zinazofuata. Nimekisoma chote. Sina ugomvi na "tabaka", wala na "kipimio", ingawa hilo la pili lingeweza kusubiri. Ugomvi wangu ni wa mambo mawili yanayomkuta kila anayechora kwa AutoCAD kabla jua halijapanda. Mchoraji akiita amri ya STYLE apange fonti, kimo na upana wa herufi zake, kamati inamwambia anatengeneza "mtindo wa matini". Akitundika taa ndani ya chumba alichokichora, anaambiwa anapanga "nafasi ya mwanga". Nitaanza na hilo la kwanza, maana ndilo lenye madhara zaidi.

Matini ni neno la heshima, na ni kwa sababu ya heshima hiyo sitaki litumwe dukani. Asili yake ni Kiarabu, matn, yaani mgongo, sehemu iliyo imara na inayobeba. Wanazuoni wa hadithi waligawa kila hadithi mafungu mawili: isnadi, ambayo ni mlolongo wa wapokezi, na matini, ambayo ni maneno yenyewe. Katika vitabu vya fiqhi, matini ni kile kitabu kifupi cha asili. Maelezo yake marefu ni sherehe, neno ambalo wahariri wa diwani zetu wanalitumia mpaka leo kwa ufafanuzi wa maneno magumu. Na maandishi ya pembezoni ni hashia. Mtoto aliyekaa chuoni Lamu au Unguja akasomeshwa Safinatun-Najaa anaujua mpangilio huu kabla hajajua kugawanya. Baadaye walimu wa fasihi na isimu waliichukua matini wakaifanya jina la kazi yoyote ya lugha inayochambuliwa, na hapo sina neno. Ilikuwa hatua fupi na ya halali.

Lakini tuitazame ramani ya nyumba. Kuna kuta, milango, madirisha, ngazi. Ndani yake kumeandikwa JIKO, SEBULE, CHUMBA CHA KULALA, na pembeni mwa mstari wa kipimo kuna 3600. Kinachobeba hapo ni mistari. Ukifuta maneno yote, fundi mzoefu bado ataiona nyumba. Ukifuta mistari ukaacha maneno, utabaki na orodha ya vyumba visivyo na kuta. Ramani ndiyo matini, na maneno yaliyomo ni hashia yake. Kamati imechukua jina la mgongo ikakipa kidole, na imefanya hivyo, nadhani, kwa sababu neno la Kiingereza, text, lilifanana na lile waliloliona katika vitabu vya uhakiki. Maandishi ni maandishi. Neno lipo, kila mtu analo, na halikuomba likizo.

Sasa mtindo. Mwenye sikio husikia ndani yake kitenzi kutinda, kilichobaki hai zaidi katika saluni, ambako nyusi hutindwa. Kama udugu huo ni wa damu au wa kufanana tu sura, wenye taaluma watabishana. Kwa msemaji wa leo mtindo ni wa nywele, wa kanzu, wa kuishi. Ni jambo la kupendeza na kupitwa. Mtu huacha mtindo kwa sababu umechosha. Mchoraji habadili herufi zake kwa sababu zimechosha. Anazibadili kwa sababu mhandisi hawezi kuzisoma.

Na kamati, iliyojivunia kufuata asili, ingejiuliza neno la Kiingereza lenyewe, style, limetoka wapi. Lilianza na stilus ya Kirumi, kijiti chenye ncha ya kuandikia kwenye ubao wenye nta, na upande wa pili bapa wa kufutia. Kutoka kijiti likaenda kwenye namna ya kuandika, kutoka hapo kwenye namna ya kusema, kisha kwenye namna ya kuvaa. Kamati imelipokea neno mwisho wa safari, likiwa limeshavaa, na haikushughulika kuuliza limetoka wapi. Lilitoka mkononi mwa mtu anayeandika. Kiswahili kinalo jina la kitu hicho hicho, limetulia tangu enzi, nalo ni mwandiko.

Nimeulizwa, kwa sauti ambayo haikuwa ya kutafuta elimu, kama mwandiko si "maandishi ya mkono" tu. Tuangalie. Kuandika kwa asili hakukuhusu wino. Tunaandika meza, yaani tunapanga sahani na vyakula mahali pake. Anayefanya kazi hiyo hashiki kalamu. Mtu huandikwa kazi, askari huandikwa jeshini: wanawekwa katika safu, kila mmoja pake. Maana ya kuweka vitu kwa utaratibu ndiyo iliyoizaa ile ya kuweka herufi kwa utaratibu. Kwa hiyo mtu anayeamua kwamba herufi zake zitakuwa na kimo hiki, upana huu na mwinamo huu, anafanya hasa kile ambacho kitenzi hiki kimekuwa kikikitaja kabla karatasi haijawa kitu cha kawaida pwani. Sijui ni ushahidi gani mwingine unaohitajika, labda muhuri.

Umbo nalo linashuhudia. Kiswahili kina kiunzi cha m- mbele na -o nyuma ambacho hutupa namna ya tendo: kwenda kunatoa mwendo, kucheza mchezo, kulia mlio, kukaa mkao, kuinama mwinamo, na kuchora kwenyewe mchoro. Andiko na maandishi ni kilichoandikwa. Mwandiko ni jinsi kilivyoandikwa. Tofauti hiyo ndiyo tofauti iliyomo ndani ya programu. Neno JIKO ni andishi. Kwamba JIKO limeandikwa kwa fonti ya simplex, kimo cha milimita 250, herufi zikiwa zimebanwa kidogo, ni mwandiko wake. Unaweza kubadili la kwanza bila kugusa la pili, na la pili bila kugusa la kwanza. (Najua mtindo nao una umbo la m- na -o. Umbo bila kitenzi kinachosikika halimsaidii mwanafunzi.)

Yuko mwenzetu mmoja, mtu mwenye kalamu kali na marafiki wengi wahariri, anayependekeza "kalibu ya herufi". Nakiri ni pendekezo lenye akili kuliko la kamati. Kalibu ni chombo cha kusubia madini, kutoka Kiarabu qalib, nalo lilitoka katika Kigiriki, ambako lilikuwa mguu wa mti wa kutengenezea viatu. Wengi wanaona kwamba kutoka Kiarabu lilipanda Ulaya likawa kaliba ya bunduki. Fonti nayo, kwa Kifaransa cha zamani, ni kitu kilichoyeyushwa kikasubiwa, kwa sababu herufi za uchapaji zilikuwa za risasi na zilisubiwa kweli. Ndizo zilizochapa gazeti la Msimulizi huko Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Fonti ndani ya kalibu: ni picha nzuri, na mwenzetu ameirudia kila aliposimama.

Tatizo ni kwamba programu haifanyi hivyo. Kilichokwisha kusubiwa hakiijui tena kalibu yake. Ukiivunja, kitu kinabaki. Katika AutoCAD, ukibadili fonti ya mwandiko fulani, maandishi yote ya zamani yaliyotumia mwandiko huo yanageuka papo hapo, katika ramani nzima. Ukibadili kimo, uwiano wa upana au mwinamo, maandishi ya zamani ya mstari mmoja yanabaki yalivyo na mapya tu ndiyo yanafuata. Kalibu inaahidi tabia ya pili na kuificha ya kwanza. Atajibu kwamba mwandiko wa mkono nao haurudi nyuma kubadili barua za mwaka jana. Ni kweli, lakini mwandiko haukuahidi chochote kuhusu chuma. Kisha kuna jambo ambalo mwenzetu, kwa kuwa anaandika zaidi kuliko anavyosikiliza, hajaligundua: nusu ya wanafunzi wetu hawatenganishi l na r, na darasa likiambiwa "fungueni kalibu ya herufi" litaitikia kama mtu aliyepigiwa hodi.

Wanaodhani mwandiko ni neno la kabla ya kompyuta wakumbuke uchoraji wenyewe ulikotoka. Mchoraji wa mezani alikuwa na bamba la herufi na kalamu za Rotring, na kanuni ya ISO 3098 ikampangia vimo: milimita 2.5, 3.5, 5, 7, 10, na herufi za kulala ziiname nyuzi 75 kutoka mstari wa chini, yaani 15 kutoka wima. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982 ilirithi mkono huo. Fonti zake za SHX hazina unene. Ni mistari mitupu, ili plota iliyoshika kalamu halisi iweze kuifuata njia yake kwenye karatasi. Ukizikuza kwenye skrini unauona mkono: R inaanza chini kushoto, inapanda, inazunguka, inashuka mguu. Hayo si mtindo wa matini. Ni mwandiko wa mashine iliyofundishwa na mchoraji.

Matumizi, kwa ufupi. Ukifungua faili la ofisi nyingine ukakuta alama za kuuliza au maneno yaliyomwagika nje ya jedwali, mwandiko wao unatumia fonti ambayo kompyuta yako haina. Programu imeweka mbadala, kwa kawaida simplex, wenye upana tofauti. Omba faili la SHX, au uelekeze mwandiko huo kwenye fonti uliyonayo. Programu isipokuuliza kimo, kimo kimefungwa ndani ya mwandiko, kirudishe sufuri. Kama umebadili fonti na aya moja ikagoma, mtu aliibadili aya hiyo peke yake ndani ya kihariri, na badiliko la ndani linaushinda mwandiko. Kwa ramani ya 1:100 inayotaka herufi za milimita 2.5 kwenye karatasi, kimo ni 250. Hayo yanatosha.

Nije kwenye "nafasi ya mwanga", ambayo nisingeigusa kama isingekuwa inachekesha. Nafasi ni upenyo, wasaa, fursa; tunatafuta nafasi ya kazi na tunakosa nafasi ya kupumua. Mwanga ni nuru iliyotapakaa, lakini pia, kama bibi yeyote wa Tanga atakavyokuambia, ni yule anayetoka usiku kuwanga. Kwa hiyo kamati imetangaza, kwa maandishi rasmi, ajira ya mchawi.

Kinachowekwa si mwanga. Ni taa, na taa ina mkao. Nasema mkao na si mahali, kwa sababu programu inataka zaidi ya mahali. Taa ya nukta inataka namba tatu, X, Y na Z, na kosa linalorudi kila siku ni kubofya kwenye ramani ya sakafu na kusahau ile ya tatu: taa inalala sakafuni, Z sufuri, dari inabaki giza, na mchoraji anaongeza nguvu ya taa badala ya kuinyanyua. Kurunzi inataka pale iliposimama na pale inapotazama. Hayo ni mambo ya mkao, jinsi kitu kilivyokaa na kilivyoelekea. Anayeambiwa "nafasi" atahangaika na lile la kwanza tu. Na akiona taa zake zote haziongezi kitu chumbani, aangalie kama taa za awali za programu bado zinawaka. Hizo humfuata mtazamaji kila anapozunguka, na zikiwaka, taa alizoweka mchoraji hazihesabiwi.

Hapo istilahi ya kamati inakwama kabisa, kwenye taa ya mbali na jua. Miali yake ni sambamba, haina mahali ndani ya mchoro. Ina upande tu. Huwezi kulipangia jua "nafasi". Unalipa tarehe, saa na mahali duniani, na lenyewe linajua litokee wapi. AutoCAD, usipoiambia uko wapi, hudhani uko San Francisco, latitudo 37.8 kaskazini. Chukua ukuta wa mita 3, tarehe 21 Juni, jua likiwa katikati ya mbingu. San Francisco kivuli chake kinaanguka kaskazini, sentimita 77 hivi. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 6.8 kusini ya ikweta, jua la siku hiyo liko kaskazini, na kivuli kinaanguka kusini kwa zaidi ya mita 1.7. Msanifu aliyetulia akaweka baraza upande wa kivuli alichokiona kwenye skrini amempa mteja wake baraza la kukaushia nguo. Kijitabu, katika ukurasa wake wa jua, kinamshauri "arekebishe nafasi ya mwanga".