Kungoja ndiko kulikozaa nyumba ya wageni

Kwa miaka mingi vijana wa Ulaya, Marekani na Australia wenye mizigo mikubwa mgongoni walipanda treni ya TAZARA kule Kapiri Mposhi, Zambia, wakalala humo siku mbili au zaidi, na shida yao kubwa ilikuwa moja tu: kufika baharini. Wakishuka Dar es Salaam walikimbilia bandarini, wakapanda boti ya kwenda Unguja, na kesho yake ukiwatafuta uliwakuta Nungwi au Jambiani, wamejilaza mchangani. Bonde letu la Kilombero walilipita. Wengi wao hawakujua kuwa Ifakara ipo, labda kwa sauti za akina mama waliokuwa wakiuza ndizi na wali chini ya madirisha ya mabehewa.

Huko pwani walikwenda kulala wapi? Si katika hoteli za kifahari. Walitafuta nyumba ya bei nafuu, chumba kimoja chenye vitanda sita au vinane, kimoja juu ya kingine, choo cha pamoja, jiko la pamoja, na baraza moja ambapo kila jioni Mjerumani, Mkanada na kijana wa Kinyamwezi anayeuza vinyago walikaa pamoja na kuulizana habari za njia. Nyumba za namna hiyo huitwa hosteli. Ukiwauliza walioishi humo, wengi hawatakusimulia godoro. Watakusimulia watu waliokutana nao.

Jambo hili tunaambiwa ni la kigeni, limeletwa na wazungu. Ni kweli kwamba jina na mpango wake vina asili ya Ujerumani. Mwaka 1909 mwalimu mmoja aitwaye Richard Schirrmann alikuwa akitembea na wanafunzi wake mashambani, mvua kubwa ikawapiga, wakajisitiri katika jengo la shule moja ya kijiji. Usiku ule Schirrmann akafikiri: shule hukaa tupu wakati wa likizo, kwa nini zisiwe malazi ya vijana wasafiri? Mwaka 1912 akafungua malazi ya kudumu ndani ya ngome ya kale ya mji wa Altena. Mwaka 1932 vyama vya hosteli vya nchi mbalimbali vikakutana Amsterdam na kuunda shirikisho. Haya yote ni sahihi, na mwalimu yule tumpe heshima yake.

Lakini kulala pamoja, kula pamoja na kupeana habari katika nyumba ya mgeni karibu na bahari, hilo lilikuwapo kwetu karne nyingi kabla mwalimu Schirrmann hajanyeshewa.

Tumchukue Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyeteremka pwani hii mwaka 1331. Katika habari za safari zake ameeleza jinsi meli ilivyopokewa Mogadishu. Vijana wa mji waliiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana akimpa mfanyabiashara sahani ile, basi ametangaza kwamba huyo ni mgeni wake, na mfanyabiashara hulala nyumbani kwa mwenyeji huyo na si kwingine, isipokuwa kama ni mzoefu wa mji mwenye watu wake. Tena mwenyeji ndiye aliyemsaidia kuuza mali yake na kumnunulia anayoyataka. Mtu aliyemnyonya mgeni kwa bei ndogo, au kumuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara ile ilihesabiwa kuwa batili.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtu wa elimu. Kwa hiyo alipelekwa katika nyumba iliyotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini, imetandikwa mazulia na kuwekewa kila kinachohitajika. Akaletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Akaletewa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili na embe. Sisi wa Ifakara, ambao mgeni kwetu hajakaribishwa mpaka ameona sahani ya wali, tunaielewa karamu hiyo bila mkalimani. Chakula kililetwa mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa nguo za kuvaa. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, methali ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Yule bwana alikaa siku tatu na jembe hakuliona.

Sasa tujiulize, kwa nini watu wa pwani walijenga desturi kama hii? Je, walikuwa wakarimu kuliko wengine? Mimi naona sababu ni upepo. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, kuanzia kati ya Novemba na Desemba, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, yapata Aprili. Mtu aliyefika Kilwa, Mombasa au Lamu alilazimika kungoja, na kungoja kwenyewe si usiku mmoja, ni wiki na miezi. Mtu wa kungoja miezi hawezi kuwa mpita njia. Lazima apate pa kulala, mtu wa kumdhamini, na watu wa kuzungumza nao. Ndiyo maana nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na daka mlangoni, mahali pa kukaa na mgeni, na sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya ndani vya familia. Baadaye jumuiya za Wahindi zikajenga musafirkhana katika miji ya pwani, kwa ajili ya wasafiri wao. Na karne ya 19, wapagazi walipokuwa wakimiminika kutoka bara, Bagamoyo ikawa na nyumba ya misafara ambayo mpaka leo imehifadhiwa. Wapagazi wenyewe njiani walijigawa makambi, watu wa sufuria moja wakipika, wakila na kulala pamoja. Mtu usiyemjua uliposhiriki naye sufuria kwa miezi mitatu, mlipofika pwani alikuwa ndugu.

Naomba msikilizaji ulishike jambo hili la kungoja, maana ndilo linaloturudisha nyumbani kwetu.

Bonde la Kilombero halina bahari. Lakini lina maji, na maji ndiyo yaliyotufundisha kungoja. Masika, mto Lumemo unaposhuka kutoka Udzungwa na mto Kilombero unapotapakaa mbugani, njia hufungwa. Wandamba, mabingwa wa mtumbwi na uvuvi, tangu zamani walijenga kambi za kiangazi kandokando ya mto, juu ya mchanga, wakakaa humo miezi wakivua na kukausha samaki. Wakulima nao wakati wa kilimo huhama mjini na kwenda kuishi mashambani, huko mbali, katika vibanda na madungu, mpaka mpunga uvunwe. Kwa hiyo watu wa hapa kulala ugenini si jambo la ajabu. Ni sehemu ya mwaka.

Wageni wa kutoka mbali, kwa muda mrefu, walipokewa na misheni. Wakapuchini wa Uswisi walikuwa na vyumba vya wageni, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilivuta watu kutoka Mahenge, Malinyi na Mlimba. Mgonjwa mmoja alikuja na watu wawili au watatu wa kumuuguza, na hao nao walihitaji pa kulala. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel akaanzisha hapa maabara ya utafiti, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Tangu hapo wanafunzi na wataalamu wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakija kuchunguza mbu wetu na kukaa miezi. Ukihesabu hivyo, Ifakara ilikuwa na wageni wa kimataifa wanaokula meza moja kabla Nungwi haijapangisha kitanda cha kwanza.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza 1970, njia ya kilometa 1,860 ikakamilika 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi. Maelfu ya Watanzania kutoka kila mkoa walilala katika kambi pamoja na Wachina, na Mang'ula hapo jirani ikawa moja ya vituo vikubwa vya kazi ile. Baada ya wajenzi wakaja wachuuzi wa mchele, samaki wakavu na ndizi. Treni ikichelewa, na ilikuwa na desturi ya kuchelewa, mchuuzi alirudi mjini kulala au akajikunja juu ya gunia lake. Hapo ndipo gesti zilipochipua, za vyumba sita, vyumba kumi, ua katikati, kisima au bomba uani, na benchi moja refu.

Upande wa pili wa mji palikuwa na Kivukoni. Anayesafiri kwenda Ulanga alifika mtoni na kusubiri pantoni. Masika malori yalipanga foleni, madereva wakalala chini ya matela, na abiria wakatafuta kibanda chochote chenye mkeka. Mimi nilipokuwa mtoto niliona pale Mpogoro, Mndamba, Mbena na Mhehe wakigawana perege mmoja, na baadaye Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakaongezeka kwenye duara. Hakuna aliyepanga mkutano ule. Ni mto tu uliowakalisha pamoja. Bei ya mpunga ya Mahenge ilijulikana Ifakara kwa njia hiyo, na ndoa kadhaa zilianzia kwenye foleni ile.

Wakati huo huo pwani nako palikuwa na mabadiliko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa kizungu walijaa Lamu, wakilala juu ya madari kwa shilingi chache. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983, na katika miaka hiyo msafiri wa Lamu hakuweza kuteremka kwetu kirahisi. Zanzibar ilipofungua milango kwa watalii katikati ya miaka ya 1980, wenyeji wa vijiji vya pwani wakaanza kupangisha vyumba vyao. Leo fukwe nyingi za vijiji hivyo zimejaa mahoteli makubwa yenye kuta, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima bila kuamkiana na mwanakijiji asiyekuwa mhudumu wake. Hosteli zimebaki chache, na zinapendwa kwa sababu hiyo hiyo. Kijana hulipa kidogo ili apate kitu ambacho zamani upepo ulikitoa bure, yaani ulazima wa kukaa na watu usiowajua.

Na sisi? Januari 2016 kivuko kilipigwa na dhoruba kikazama. Mei 2018 Rais Magufuli alifungua daraja la meta 384 juu ya mto Kilombero, na likapewa jina lake. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, iliyotutesa kwa vumbi na matope, imewekewa lami. Sitaki mtu anielewe vibaya. Aliyewahi kumwona mama mjamzito akisubiri pantoni usiku hawezi kulilia foleni ile, na mimi siililii. Daraja ni uhai.

Hata hivyo mwandishi wa historia aandike pia kilichoondoka. Gesti mpya za mji wetu zina choo na bafu ndani ya kila chumba, feni, televisheni na mlango wa chuma. Ni nzuri, ni safi, na mteja amezitaka mwenyewe. Lakini nyingi hazina ua wala benchi. Mgeni huandika jina, kabila, anakotoka na anakokwenda katika kitabu cha wageni, hupewa ufunguo, na asubuhi saa kumi na moja amekwishaondoka. Watalii wanaokuja kuona maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, nao hulala Mang'ula usiku mmoja au miwili na kugeuza. Wenye gesti wanalalamika kwamba wageni hawakai. Nami nawauliza, mgeni akae wapi, kitandani? Benchi ni mbao mbili na misumari. Mwembe wa uani hauhitaji fundi. Hosteli za Nungwi zinauza hivyo viwili tu na kuongeza bahari.

Hivi karibuni nilizungumza na mama mmoja ambaye kwa miaka mingi aliuza chai na maandazi Kivukoni, na baada ya daraja akahamishia biashara yake stendi. Nilimuuliza kama wateja wamepungua. Akasema hawajapungua, wameongezeka. Ila siku hizi, alisema, wanakunywa wamesimama, na hajui hata mmoja anakwenda wapi.