Mweka Hazina wa Halmashauri: Musoma, Bunda na Butiama

Mweka hazina wa halmashauri ni mkuu wa shughuli za fedha katika serikali ya mtaa, naye humshauri mkurugenzi, husimamia mapato na malipo, na hufunga hesabu kila ifikapo Juni 30.

Chimbuko

Cheo hiki kilitanguliwa na hazina za wenyeji, yaani mifuko ya fedha ya maeneo ya watemi, zilizoanzishwa katika miaka ya 1920 wakati wa Gavana Donald Cameron. Butiama, makao ya Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki aliyefariki 1942, ilikuwa chini ya mfumo huo. Utemi ulifutwa 1963, na mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ulizivunja halmashauri zenyewe, kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Mamlaka za miji zilirejeshwa 1978, ilhali za wilaya zilingoja sheria za 1982, zilizoanza kutekelezwa 1984.

Ngazi za utumishi

Kabla ya kuwa mweka hazina, mhasibu hupanda kutoka daraja la pili hadi mhasibu mkuu, akihitaji pia CPA, cheti cha juu cha taaluma kinachotolewa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi.

Mapato na uwajibikaji

Wigo wa mapato ya ndani umepungua kwa namna ya kusikitisha, kwa kuwa kodi ya maendeleo ilifutwa 2003, kodi ya majengo ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, 2016 na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na ushuru wa mazao ya biashara, ikiwamo pamba inayotegemewa Bunda, ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017. Hivyo sehemu kubwa ya matumizi hutoka katika ruzuku ya serikali kuu, lakini mweka hazina ndiye anayebanwa kwa maswali pale senti ya ushuru inapopotea.

Katika mialo ya samaki ya Musoma, mkusanyaji hutoa risiti kwa mashine ya POS na hutakiwa kupeleka fedha benki. Makusanyo yasiyofika benki ni hoja inayojirudia katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nchini. Hesabu huwasilishwa kwake ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kwisha, naye hutoa hati, yaani maoni ya ukaguzi. Hoja zisizojibiwa hufikishwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa.