Kupogoa na Kuelekeza: Istilahi Mbili za Mzabibu Mchanga

Kupogoa, kama kitenzi hiki kinavyotumika kwa mikahawa na michungwa, ni kukata matawi ili mti upungue na uzae vyema. Lakini elimu ya zabibu ina tendo la pili, linaloandamana na hilo bila kuwa lilo hilo, nalo ni kuupa mzabibu mchanga umbo utakalodumu nalo maisha yake yote. Kuliita tendo hilo "kufundisha" ni kuufanya mmea mwanafunzi, na "kulea" ni neno pana mno, kwani hujumuisha maji na samadi. Istilahi inayofaa ni kuelekeza, kwa sababu mzabibu ni mtambazi usioweza kusimama wenyewe, na hushika kwa vikono vyake chochote kilicho karibu.

Mche uliopandwa uani hukatwa mpaka yakabaki macho mawili, yaani vifundo viwili vinavyotoa machipukizi. Yakishachipua, huachwa chipukizi moja lenye nguvu, likafungwa kwenye kigingi kwa kamba iliyolegea, na yale ya ubavuni huondolewa yangali mabichi. Likifika kwenye waya uliokazwa juu yake, ncha yake hukatwa, na machipukizi mawili ya chini ya mkato hulazwa huku na huku yawe mikono. Mkato huo mmoja ni kupogoa kwa tendo na kuelekeza kwa kusudi. Baadaye vijiti vilivyoota juu ya mikono hufupishwa hadi macho mawili mawili, kwa kuwa zabibu huzaliwa kwenye machipukizi mapya yatokayo katika mti wa msimu uliopita.

Hata hivyo, katika nchi isiyo na majira ya baridi kali kupogoa kuna kazi nyingine, na kamusi haiitaji. Huko Ulaya baridi huulaza mzabibu na joto huuamsha. Tanzania ya kati, mkasi ndio unaouamsha, maana ncha ikiondolewa macho yaliyozuiliwa nayo huchipuka. Ndiyo sababu wakulima wa Dodoma, wakiwamo wa Hombolo na Makutupora, huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno hufuata mkato kwa kiasi cha miezi minne, kutegemea aina.

Kalenda hiyo ya mkato yaweza kufuatwa pia nje ya Dodoma: Tura, kijiji cha wilaya ya Uyui ambako misafara ya zamani iliingia Unyamwezi baada ya kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, iko kwenye reli ile ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na mvua zake, kama za Dodoma, ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Anayepogoa mwezi wa Mei, akawa na maji ya kumwagilia, huvuna kiangazi, matunda yakiiva katika hewa kavu isiyopendwa na ukungu, ilhali anayepogoa mvua zinapoanza huyaweka maua na vichala katika unyevu, na ua wa nyumba hauna dawa wala vifaa vya shamba kubwa. Kwa hiyo mkato wa Novemba ni bora uwe wa kuelekeza tu: kufunga mikono kwenye waya, kupunguza yaliyosongamana na kuyaondoa maua yatakayojitokeza.