Saa ya dhahabu ambayo Malkia hakuipokea

SAA ya mfukoni ya dhahabu inayoitwa kwa jina la Marie Antoinette, Malkia wa Ufaransa, ni miongoni mwa saa mashuhuri kuliko zote duniani, ingawa malkia mwenyewe hakuwahi kuishika.

Iliagizwa mwaka 1783 katika karakana ya Abraham-Louis Breguet, fundi saa mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi mjini Paris. Aliyeiagiza anaelezwa kuwa ofisa wa walinzi wa malkia, na jina lake halikuhifadhiwa. Masharti yake yalikuwa mazito: saa iwe na kila ufundi uliojulikana wakati huo, dhahabu itumike badala ya madini mengine kila ilipowezekana, na pasiwepo kikomo cha gharama wala cha muda. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoikosesha zawadi hiyo mwenyewe.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789, kazi ilivurugika. Marie Antoinette alikatwa kichwa Oktoba 16, 1793. Mwaka huo huo Breguet alikimbilia Uswisi, akarejea Paris mwaka 1795. Naye alifariki dunia mwaka 1823, na saa ikakamilishwa na karakana yake mwaka 1827, miaka 44 tangu ilipoagizwa.

Ina vipande 823 ndani ya kasha lenye upana wa sentimita 6 hivi. Hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mtu anayeibeba. Hugonga saa, robo na dakika inapobonyezwa, jambo lililokuwa na manufaa gizani kabla ya taa za umeme. Kalenda yake hutambua miezi mirefu na mifupi, hata mwaka mrefu. Ina kipimajoto, na huonyesha tofauti kati ya wakati wa jua na wakati wa saa za kawaida.

Mwaka 1917 ilinunuliwa na Mwingereza Sir David Salomons, na baadaye bintiye akaipeleka Jerusalem, katika jumba la makumbusho la L.A. Mayer. Usiku wa Aprili 15, 1983, mwizi aliingia humo kwa kupenya dirisha dogo, akatoweka na saa 106, hiyo ikiwamo. Polisi hawakumpata. Ukweli ulijulikana baada ya kifo chake mwaka 2004, mjane wake alipotaka kuzirejesha kupitia kwa wakili. Habari za kupatikana kwa saa ya malkia zilitangazwa mwaka 2007.

Wakati huo kampuni ya Breguet ilikuwa imekwisha kukata tamaa ya kuiona. Tangu mwaka 2004 mafundi wake walikuwa wakitengeneza nyingine inayofanana nayo, wakitegemea michoro na kumbukumbu za zamani tu. Nakala hiyo ilionyeshwa mjini Basel mwaka 2008, ndani ya sanduku lililochongwa kwa mti wa mwaloni kutoka bustani ya Versailles. Saa yenyewe ilirudi Jerusalem.