Bei ya Daima

Mshairi wa Kifaransa Jean de La Fontaine, bingwa wa hadithi za wanyama, ana kaburi la mawe katika maziara ya Père Lachaise mjini Paris. Juu yake ameketi mbweha, na ubavuni mwake yumo Molière, mwandishi wa tamthilia, wote wawili ndani ya uzio mmoja wa chuma. Wageni huja, husoma jina, huweka ua, huenda zao. Lakini daftari la mazishi la mwaka 1695 lasema kuwa La Fontaine alizikwa katika maziara ya Saints-Innocents, katikati ya mji, na mifupa iliyoletwa Père Lachaise mwaka 1817 kwa jina lake ilikuwa imefukuliwa mahali pengine kabisa, katika maziara ya Saint-Joseph alikozikwa Molière. Basi yumkini aliyelala chini ya mbweha yule si mshairi.

Kosa hilo halikuzaliwa na ujinga mtupu. Wakuu wa mji walikuwa na viwanja vya makaburi vya kuuza, na walihitaji majina.

Hadi karne ya 18 watu wa Paris walizikwa makanisani na katika viwanja vilivyoshikana na makanisa. Mwenye mali alilazwa chini ya sakafu, karibu na madhabahu. Asiye na kitu alitupwa katika handaki kubwa la Saints-Innocents, maiti juu ya maiti, mpaka lijae ndipo lifukiwe na kuchimbwa jingine. Mwaka 1765 mahakama kuu ya Paris iliamuru maziara yahamishwe nje ya mji. Amri ikabaki karatasini, kwani mapadri waliishi kwa ada za mazishi na wafiwa hawakutaka kuwapeleka wapenzi wao mbali. Haikufika miaka mingi, ardhi yenyewe ikasema. Mwaka 1780 ukuta wa ghala la chini ya nyumba moja katika mtaa wa Lingerie, uliopakana na Saints-Innocents, uliporomoka kwa uzito wa handaki la jirani, na maiti wakamiminika ndani ya nyumba ya walio hai. Maziara yakafungwa. Kuanzia mwaka 1786 mifupa ilisombwa usiku kwa magari ya farasi, yaliyofunikwa vitambaa vyeusi, na kushushwa katika machimbo ya kale ya mawe chini ya mji. Ikiwa daftari la 1695 ni la kweli, huko ndiko aliko La Fontaine, hana jina, pamoja na waokaji mikate na wachukuzi wa maji.

Sheria mpya ilikuja tarehe 12 Juni 1804, wiki chache baada ya Napoleon kutangazwa kaisari. Ni amri inayostahili kusomwa na kila apendaye lugha, maana ni nadra kifo kupimwa kwa rula namna ile. Ilikataza mtu kuzikwa kanisani au ndani ya mji. Maziara yawe umbali wa mita 35 hadi 40 kutoka kwenye mipaka ya mji. Kila maiti awe na kaburi lake, kina chake mita moja na nusu hadi mbili, upana sentimita 80, na kati ya kaburi na kaburi iachwe nafasi ya sentimita 30 hadi 40. Kwa fukara aliyekwisha kulundikwa handakini kwa karne nyingi, sentimita hizo zilikuwa heshima ambayo babu zake hawakuipata, ingawa katika Paris yenyewe mahandaki ya masikini yaliendelea kuchimbwa kwa miaka mingi. Kadhalika kila mtu aliruhusiwa kuweka jiwe juu ya kaburi la jamaa au rafiki yake bila ya kuomba kibali.

Hata hivyo amri hiyo ilikuwa na kifungu kingine. Kaburi la bure ni la miaka mitano. Miaka hiyo ikisha, mji una haki ya kulifukua na kumlaza mwengine. Atakaye mahali pake peke yake, palipo na nafasi, na apewe, kwa sharti kwamba atatoa sadaka kwa ajili ya masikini au hospitali, na juu ya hiyo ailipe serikali ya mji kiasi chake. Mji hauuzi ardhi. Huuza haki ya kuikalia. Hivyo ndivyo neno zito la lugha ya dini, neno daima, lilivyoingia katika orodha ya ada.

Msomaji wa mwambao, aliyezoea kuona majirani wakichimba kaburi bila ya ujira na jeneza likipokezanwa mabegani hadi mavani, huenda akaguna hapa. Wafaransa wa mwaka 1804 nao waliguna. Nicolas Frochot, mkuu wa mkoa wa Seine aliyeitawala Paris, alikuwa amenunua kilima kilichobeba jina la padri La Chaise, aliyemungamisha mfalme Louis wa 14, akampa msanifu Brongniart akipange kama bustani. Maziara yakafunguliwa Mei 1804. Mpaka mwaka ukiisha walikuwa wamezikwa watu 13 tu. Mahali palikuwa mbali, penye mwinuko, na hapana mtukufu aliyelala pale ambaye mwenye fedha angetamani ujirani wake.

Ndipo mwaka 1817 wakaletwa Molière na huyo aliyeitwa La Fontaine, na pia Abélard na Héloïse, wapenzi wa karne ya 12 ambao barua zao zilikuwa zikisomwa na kila kijana aliyejua kusoma. Walijengewa paa la mawe na nguzo. Dawa ikafanya kazi: kufikia mwaka 1830 makaburi yalikuwa yamepindukia 33,000. Waliotumiwa kuuza viwanja vile ni washairi na wapenzi, watu ambao walipokuwa hai hawakuwa mahodari wa biashara hata kidogo.

Amri nyingine, ya Desemba 1843, ilisawazisha mambo kwa nchi nzima. Haki za makaburi zikawa za aina tatu: za daima, za miaka 30, na za muda usiozidi miaka 15. Theluthi mbili za bei ziliingia katika hazina ya mji, theluthi moja ikaenda kwa masikini au nyumba za hisani. Theluthi hiyo haifai kubezwa. Tajiri aliyejijengea kuba alimlisha mgonjwa asiyemjua. Lakini masikini yule yule aliyelishwa, akifa, alihesabiwa miaka mitano.

Mazishi nayo yaligawanywa kwa madaraja, kila daraja na idadi yake ya farasi na vitambaa vyake. Ukiritimba wa shughuli hizo ulikuwa mikononi mwa mabaraza ya makanisa tangu 1806, ukahamishiwa serikali za miji mwaka 1904, na haukuondolewa hadi 1993. Oscar Wilde, aliyefia Paris Novemba 1900 akiwa na madeni, alizikwa kwa daraja la sita, katika kiwanja cha muda kule Bagneux, nje ya mji. Rafiki yake Robert Ross alitumia miaka kadhaa kulipa madeni ya marehemu kwa mapato ya vitabu vyake, ndipo mwaka 1909 akamhamishia Père Lachaise. Asingekuwapo Ross, siku ya kiwanja ingefika na mshairi angeondolewa.

Kisa cha Baudelaire ni kigumu zaidi, maana yeye kaburi la daima alilipata, ila halikuwa lake. Alipofariki mwaka 1867 alizikwa Montparnasse katika kaburi la baba yake wa kambo, Jenerali Aupick, mtu ambaye hawakupatana maisha yao yote. Jiwe humtaja jenerali kwanza na vyeo vyake vyote, mshairi hufuata, akielezwa kuwa ni mtoto wa kambo wa huyo, kisha mama. Haki ya kaburi ni ya ukoo, na anayelipa ndiye hupanga majina.

Amri ya 1804 ilitaka pia kila dini itengewe upande wake kwa ukuta, boma au handaki. Kwa sababu hiyo, na kwa ombi la ubalozi wa dola ya Uthmaniya, upande wa Waislamu ulifunguliwa Père Lachaise mwaka 1857. Mwaka uliofuata akazikwa hapo Malka Kishwar, mama wa mfalme wa Awadh, aliyesafiri kutoka Bara Hindi hadi London kudai kiti cha mwanawe kilichonyakuliwa na Waingereza, akafia Paris njiani kurudi. Sheria ya Novemba 1881 ilifuta mipaka hiyo ya dini. Katika sehemu hiyo hiyo amelala Sadegh Hedayat, mwandishi wa Kiajemi, tangu mwaka 1951.

Na daima yenyewe? Sheria ya Januari 1924 iliipunguza makali. Kaburi la daima likiwa limetimiza miaka 30, na kwa miaka 10 hakuzikwa mtu humo, na likionekana limetelekezwa, meya anaweza kubandika tangazo, kungoja, kisha kulitwaa. Mifupa hukusanywa na kuhifadhiwa. Pale Père Lachaise ghala lake liko nyuma ya mnara wa wafu wa mchongaji Bartholomé, uliozinduliwa mwaka 1899.

Mwaka 2025 jiji la Paris lilitangaza bahati nasibu kwa wakaazi wake. Makaburi 30 ya kale yaliyoharibika, katika Père Lachaise, Montparnasse na Montmartre, yalitolewa kwa Euro 4,000 kila moja. Mshindi alitakiwa atengeneze jiwe la mtu asiyemjua ndani ya miezi sita, kwa gharama yake, na kwa kufanya hivyo apate nafasi ya kununua haki ya kuzikwa yeye mwenyewe: ya miaka 10, au 30, au 50, au ya daima.